Ekspresi ya Bati Haisimami Kota

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, fundi wa meza ya treni za kuchezea alikuwa anapangusa vumbi kwenye mapaa ya kota za reli kwa brashi ya kunyolea ndevu, alipokuta nguo zimeanikwa nyuma ya nyumba namba kumi na nne. Kamba ilikuwa uzi wa kushonea. Juu yake palikuwa na shuka lenye ukubwa wa stempu, foronya mbili, na gauni la bluu ambalo angeweza kulitandaza kwenye ukucha wa kidole gumba na nafasi ikabaki. Gauni alilijua. Alilinunua mwenyewe miaka mitatu nyuma, likiwa bado na ukubwa wa kawaida.

Akaweka brashi chini, akachukua lenzi, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinipumulie, nguo hazijakauka."

Fundi akarudi nyuma kidogo. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha, anachambua kitu kwenye ungo usiozidi kichwa cha pini. Alionekana mzima, ila mfupi.

"Umehamia lini?"

"Juzi jioni. Nilikuta mlango wazi. Kwani huwa hufungi?"

"Milango ya bati haina kufuli, mama."

"Basi ndiyo hivyo. Na Mzee Filimbi yuko hapo kumi na tano, msalimie. Amekaa na kisirani tangu jana, anasema umemwekea mti mbele ya dirisha."

Fundi akamsalimia Mzee Filimbi, gadi mstaafu wa treni, halafu akang'oa ule mti kwa kibano na kuusogeza. Ulikuwa kipande cha dodoki kilichochovywa rangi ya kijani. Kazi ilipoisha akaendelea na mapaa mengine, safari hii taratibu, kwa sababu hakujua nani amelala na nani ameamka.

Meza yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko reli. Urefu wake hatua nane, upana hatua nne, nayo ilikuwa katikati ya ukumbi wa stesheni, imezungushiwa kamba nene ya kuzuia wageni wenye vidole virefu. Ilijengwa na mtu aliyeitwa Babu Bati, siku ambazo wenyeji walikuwa hawajaona treni na hawakuwa na haraka ya kuiona. Kwingineko treni za namna hii ziliwekwa kwenye madirisha ya maduka makubwa, ili wapita njia wasimame kushangaa kisha waingie kununua soksi. Hapa iliwekwa ili watu wakubali kutoa mashamba yao. Babu Bati akatengeneza milima kwa magunia yaliyolowekwa kwenye gundi na chokaa, mto kwa kioo kilichopasuka, na treni ya kwanza ya bati lililopakwa rangi, yenye springi tumboni na ufunguo ubavuni. Ilizunguka mara tatu ikazimika, kama mgeni aliyeambiwa chakula kimekwisha. Ilitosha. Mashamba yakatolewa.

Baadaye ikaja treni ya umeme, yenye reli ya tatu katikati, inayonguruma na kunuka vumbi lililoungua. Baada ya hiyo zikaja za plastiki, ndogo na nyepesi, zinazofanana sana na treni za kweli na kuharibika vilevile. Nyingi ya zilizopitwa na wakati zilifungwa kwenye maboksi chini ya meza, kwa hiyo mtu aliyetaka kujua historia yote ya treni za kuchezea alihitaji kupiga magoti tu na kutoa boksi moja baada ya jingine. Wenye makumbusho yao walikuja kutoka mbali, wakapiga magoti, wakapiga picha, wakaondoka na suruali zenye vumbi.

Nyumba za kota zilikatwa kutoka kwenye madebe ya mafuta ya kula. Babu Bati aliyageuza nje ndani, ili paa ling'ae na matangazo ya mafuta yabaki ukutani kwa ndani, ambako alidhani hakuna atakayeyasoma.

"Nalala natazama nusu ya ua la alizeti," mama alimwambia fundi. "Nusu nyingine iko kwa Mzee Filimbi. Tunaelewana."

Baba wa fundi, mtu wa kubadilisha njia za treni, alionyeshwa nyumba yake hapo mezani kabla haijajengwa ardhini. Aligusa paa la namba kumi na nne kwa kidole, akaambiwa, hiyo ni yako mpaka ufe, na ya mkeo mpaka afe. Baba alishatimiza upande wake wa makubaliano. Mama alikuwa bado anaendelea.

Kanuni ya kazi ya fundi ilikuwa moja, imeandikwa kwa wino mwekundu ndani ya jalada la Daftari la Meza: meza ifanane na reli. Stesheni ikipakwa rangi, ya mezani nayo inapakwa. Daraja likichukuliwa na mafuriko, la mezani linang'olewa. Kinachoondoka kwenye reli kiondoke mezani ndani ya siku saba. Mafundi wanne walimtangulia, na hakuna aliyewahi kuchelewa hata siku moja, isipokuwa mmoja aliyefariki siku ya sita.

Kota za kweli zilibomolewa siku ya Ijumaa. Tingatinga lilifika saa tatu, na kufikia saa sita mchana mahali pale palikuwa pana kuliko mtu yeyote alivyowahi kupaona. Ilisemekana itajengwa njia ya pili ya reli. Fundi akapewa barua yake ya kuondoa zile za mezani. Siku saba zikapita, akasema gundi ya Babu Bati ni ngumu. Siku ya nane akasema anatafuta kisu chembamba. Visu vyembamba alikuwa navyo sita.

Siku hizo nane mama yake alilala kwenye benchi la chumba cha abiria wa daraja la tatu. Fundi mwenyewe alikuwa anaishi ukweni, chumba kimoja na mke na watoto watatu, jambo ambalo rafiki zake walilitaja kila walipopata nafasi, na wasipoipata waliitengeneza.

"Nikalale kwa mkweo?" mama alimwuliza. "Na wewe mwenyewe pale unakunywa chai kwa kuomba ruhusa. Niache na benchi langu."

Mchana alikwenda kwenye maofisi kuulizia nyumba. Kila ofisi ilimtoa ikiwa imempunguza kidogo. Ya ardhi ilimwacha na urefu wa kaunta. Ya ustawi ilimwambia arudi wiki ijayo, akatoka anapita chini ya mabenchi bila kuinama. Ya malalamiko ilikuwa na foleni ndefu, na hadi anafika dirishani karani hakumwona, akaita anayefuata. Haikuuma, alisema. Ni kama kushuka ngazi gizani, unajua tu kwamba umeshuka. Jumamosi jioni akapanda mguu wa meza, akavuka daraja, akakuta mlango wazi. Majirani walizungukia ofisi zilezile. Kufikia Jumatano nyumba zote kumi na moja, namba tisa hadi kumi na tisa, zilikuwa na watu, jumla watu ishirini na tisa.

Fundi akawa anakuja na kijiko cha wali kutoka ukweni, uliotosha kota nzima na kubaki. Maji aliyaleta kwa kichupa cha dawa ya macho, tone moja kila mlango. Karani wa masjala, mwanamke mwenye ndala zilizosikika kabla hajafika, alikuwa anapita na mafaili yake na kusimama kuangalia.

"Shikamooni wa huko chini," alisema. "Fundi, mama mkwe wako anakusalimu, anauliza kijiko kitarudi lini."

"Kitarudi."

"Alisema hivyohivyo kuhusu wewe ulipohamia, kwamba utaondoka."

Mama yake akacheka pale kizingitini. Kicheko kilikuwa kama sarafu inayodondoka chumba cha pili.

Alhamisi akaja Mkuu wa stesheni, na kikombe chake cha chai. Akaangalia mezani muda mrefu.

"Hawa ni wale wa kota?"

"Ndio, Mkuu."

"Wote?"

"Familia zote kumi na moja."

"Safi sana," Mkuu akasema.

Akaandika barua makao makuu kwamba wakazi walioathirika wamepatiwa makazi katika eneo lilelile, kwenye nyumba zenye namba zilezile, ndani ya mali ya shirika. Makao makuu wakajibu kwa pongezi. Faili likafungwa, na karani wa masjala ndiye aliyelifunga, kwa kamba nyeupe na mafundo mawili.

Wiki mbili baadaye akarudi na barua nyingine, na mara hii ndala zake zilikuja polepole.

"Wakaguzi wanakuja," akasema. "Watakagua na meza. Huko nje pana nyasi, kwa hiyo hapa panatakiwa nyasi. Umepewa siku saba. Na safari hii, baba, watazihesabu."

Fundi akaenda ofisini kwa Mkuu, akasimama mlangoni mpaka alipoitwa.

"Mkuu, mliandika kwamba wameshapata makazi."

"Wamepata."

"Sasa mnasema niyang'oe."

"Unang'oa nyumba. Makazi yao yako kwenye faili, na faili halijaguswa na mtu."

"Wataenda wapi?"

Mkuu akanywa chai kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama yake pia, yuko mbali, kwenye nyumba isiyo ya shirika.

"Ukishindwa wewe," akasema, "nitaleta fundi mwingine. Yeye hatagonga hodi kabla ya kung'oa."

Hilo fundi alilifikiria siku tatu. Ya nne akamwambia mama yake atamtoa mezani, ampeleke nyumbani.

"Nyumbani wapi?"

"Ukweni."

"Kwenye nini?"

Fundi akagusa mfuko wa shati, ambamo palikuwa na boksi la kiberiti.

"Nilizaa mtoto wa kilo nne," mama akasema, "ili aje anibebe kwenye kiberiti."

Siku ya tano akapata wazo. Alikuwa anasoma kanuni kwa mara ya mia, akaona kwamba imetaja majengo, madaraja, milingoti na miti. Abiria haikuwataja. Akarudi kwa Mkuu.

"Nikiwapandisha treni je?"

Mkuu akafikiri. "Abiria ni abiria," akasema mwishoni. "Shirika haliwezi kukataa abiria."

Fundi akatoka pale akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Hali hiyo ilimkaa hadi Alhamisi.

Mezani kulikuwa na treni tatu zinazofanya kazi. Ya kwanza ya springi, ya mizigo, yenye mabehewa yasiyo na paa. Ya pili ya plastiki, ya abiria wa kawaida, inayosimama kila kituo. Viti vyake vilikuwa vigumu, na jua la mchana likipiga dirisha la ukumbi ilinuka kama ndoo mpya. Ya tatu ilikuwa Ekspresi, ya bati, ya umeme, kazi bora ya mwisho ya Babu Bati. Ilikuwa na mabehewa matano, milango inayofunguka, taa, na viti vilivyofunikwa mahameli halisi, yaliyokatwa kutoka kwenye pazia la sinema iliyofungwa. Mtu yeyote mwenye mama angechagua Ekspresi. Fundi akachagua Ekspresi. Akaandika kwenye Daftari kwa wino: abiria ishirini na tisa, Ekspresi.

Akawapandisha kwa kutumia kadi ya posta kama ubao, watatu watatu. Mama akakaa behewa la tatu, dirishani, na kwa kuwa gauni la bluu alikuwa amelifua tena asubuhi hiyo na lilikuwa bado bichi, akalitundika kwenye kishikio cha dirisha. Mzee Filimbi alivaa kofia yake. Halafu fundi akagonga hodi kwenye nyumba kumi na moja tupu, kwa mazoea, na kuzing'oa moja moja. Gundi haikuwa ngumu hata kidogo. Namba kumi na nne na kumi na tano zilitoka pamoja, na kwa ndani ua la alizeti likaonekana zima. Mahali pao akamwaga unga wa mbao wa kijani, akausawazisha kwa brashi.

Akawasha umeme. Ekspresi ikanguruma, taa zikawaka, ikaondoka. Watoto wakapunga mikono. Ilipita stesheni kuu, ikapita daraja, ikapita nyasi mpya, ikaingia kwenye handaki chini ya mlima na kutokea upande wa pili. Ilikuwa inamaliza mzunguko wa pili fundi alipokumbuka kitu ambacho mtu wa meza hapaswi kukisahau. Ekspresi haisimami. Babu Bati aliitengeneza kuonyesha kasi. Kwenye reli ya kweli ilikwenda kutoka mwanzo hadi mwisho bila kutua, na kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani mstari wake ulikuwa na saa ya kuondoka, nukta nyingi, na saa ya kufika. Mezani, mwanzo na mwisho ni mahali pamoja, handakini, ambako hakuna jukwaa.

Akakata umeme treni ilipofika stesheni kuu. Milango ikawa sawasawa na jukwaa. Hakuna aliyeshuka. Mzee Filimbi akatoa kichwa nje.

"Fundi, kuna hitilafu?"

"Hakuna, mzee. Shukeni mnyooshe miguu."

"Ekspresi haisimami hapa."

"Si imesimama?"

"Imesimama kwa hitilafu. Kusimama kwa hitilafu hakumruhusu abiria kushuka. Maneno hayo nimeyasema miaka thelathini na moja, sasa unataka niyateme hapa mbele za watu?"

"Mama," fundi akasema.

Mama yake alikuwa ameshika gauni lisipeperuke. "Baba yako alimripoti shemeji yake kwa kushuka njiani," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namsifia. Washa, mwanangu. Watu wana safari."

"Safari ya wapi, mama?"

"Si wewe uliyetupandisha?"

Akawasha.

Kilichoandikwa kwenye Daftari kwa wino, jina la treni likiwemo, kingeweza kufutwa na Kamati ya Meza peke yake. Kamati ilikuwa na wajumbe watano na ilihitaji watatu ili kikao kiwe kikao. Wanne walishafariki. Wa tano alikuwa Mzee Filimbi, ambaye alipoulizwa alijibu kupitia dirishani, kwa mizunguko miwili, kwamba anasikitika lakini akidi haijatimia.

Mzunguko mmoja ulichukua dakika moja na sekunde arobaini. Fundi na mama yake wakazoea kuongea hivyo, sentensi moja kila anapopita.

"Watoto hawajambo?"

Dakika moja na sekunde arobaini.

"Hawajambo, mama. Wa kwanza amekuwa wa tatu darasani."

Dakika moja na sekunde arobaini.

"Darasa lina wangapi?"

Karani wa masjala aliwahi kusimama pale akisubiri jibu la mwisho. Lilipofika, wanne, alicheka peke yake hadi masjala, lakini alifika akiwa ameshaacha kucheka.

Wakaguzi walikuja watatu, wenye suti. Waliizunguka meza, wakapima upana wa mto kwa rula, wakalinganisha kila kitu na picha zilizopigwa kutoka juu. Mmoja akainama juu ya Ekspresi, akaangalia madirisha.

"Wana tiketi?"

"Wanazo," fundi akasema. Alikuwa amezikata mwenyewe, jioni mbili, kutoka kwenye tiketi moja ya zamani.

"Zinasomeka zinakwenda wapi?"

"Zimekatika, bwana mkaguzi. Neno moja halikuenea."

Mkaguzi akaridhika. Aliyepima mto akasimama mbele ya unga wa mbao.

"Nyasi zimetoka vizuri," akasema. "Zinafanana kabisa na za nje."

Zilifanana. Za nje zilionekana kwenye dirisha la ukumbi, zimefika magotini, zimezunguka bango lililotangaza njia ya pili ya reli. Bango lilikuwa limeanza kuinama. Fundi alitengeneza na la mezani, na kila Jumatatu alilipima la nje kwa jicho na kuliinamisha la mezani kiasi hichohicho. Meza ikapewa cheti. Kikatundikwa karibu na ratiba.

Saa kumi na moja jioni ukumbi unafungwa, na kwa sababu ya vumbi la usiku treni zote hulazwa handakini. Siku ya kwanza mama alisema tu kwamba huko ndani kuna giza. Fundi akaandika barua ya kuomba taa moja ndogo, ya ukubwa wa punje ya mtama, iwekwe handakini na iachwe ikiwaka. Akaipeleka mwenyewe masjala. Karani akaigonga muhuri, akaifungulia faili jipya, akalifunga kwa kamba nyeupe. Jibu likaja baada ya miezi miwili. Kwa kuwa handaki la kweli halina taa, lilisema, ombi haliwezi kukubaliwa kwa sasa.

Kwa hiyo kila asubuhi fundi hufika mapema. Saa mbili kasorobo hupangusa vumbi juu ya nyasi kwa brashi ya kunyolea, hunyoosha bango kisha huliinamisha tena, halafu huwasha umeme. Ekspresi hutoka handakini, taa zikiwa zinapepesa, na kwenye behewa la tatu gauni la bluu, ambalo kwa jua la dirishani limeshapauka, hutangulia kuonekana. Kioo hushushwa. Hata fundi hajatoa salamu, mama huwa ameshauliza.

"Tumefika?"

Na kabla hajafungua mdomo, behewa limeshapita. Fundi husimama na brashi mkononi, hungoja dakika moja na sekunde arobaini mpaka lizunguke lirudi, ndipo hujibu.

"Bado, mama."